Tundu la Upana wa Mabega Yako

Lango la Miti, Bonde la Juu
Mwezi wa majani kuanguka, mwaka wa sita tangu tuvuke milima

Mpendwa mdogo wangu Nyeste,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na binti yako ambaye bado sijui jina lake. Hujambo? Lile bega lililokuwa likikuuma kila baridi ikianza, limepona au bado linakusumbua? Sisi huku ni wazima. Mimi nimeota mvi, wifi yako Velike ana mimba ya nne, na mama yetu yu hai. Meno amebakiwa na matano, lakini ulimi haujapungua hata kidogo.

Ninayesema ni mimi, kaka yako Keve. Anayeandika ni Manase Mkhazari, mchuuzi wa chumvi uliyemuuzia mazulia ya sufu, naye ndiye atakayekusomea. Nimemwomba asipunguze neno wala asiongeze. Amenijibu kwamba matusi ya kwetu hayana herufi, kwa hiyo hayo atayaruka.

Ujumbe wako ulifika. Manase alipotueleza kuwa mwanamke aliyesuka nywele kama za kwetu alimshika mkono katikati ya Wapechenegi, wale wale waliokuteka, na kumwambia, "Mwambie Keve nakuja theluji ikiyeyuka, nakuja na mtoto, msifunge mlango," mama alikaa chini pale pale aliposimama. Tulikuwa tumeshakulilia, Nyeste. Tulikata nywele zetu kwa ajili yako na kuzichoma. Nisamehe kwa hilo.

Ametuambia pia kuwa mume uliyepewa huko amekufa, na kwamba mdogo wake anangoja mwaka wa matanga uishe akurithi. Najua basi kwamba huna muda. Ndiyo maana habari niliyo nayo naona nikuambie kabla sijapoza maneno.

Mlango tumeufunga. Lango la mwisho la upande huu limefungwa leo asubuhi, na mmoja wa waliolifunga ni mimi.

Sikufanya kwa kupenda. Tulipogawiwa ardhi, ukoo wetu ulipewa bonde hili pamoja na kazi yake. Wengine walipata uwanda, nyasi zinazofika tumboni mwa farasi; sisi tukapata shoka. Tangu kiangazi tunaangusha misonobari kuziba njia, matawi yake yakielekezwa nje, mti juu ya mti, kutoka mwamba mmoja hadi mwamba wa pili. Limebaki lango moja tu, mwendo wa siku kumi kaskazini, na walinzi wa huko humpiga mshale yeyote aliyevaa Kipechenegi, kisha ndipo wanamwuliza jina.

Na hofu yao naielewa, maana hata mimi ninayo. Unakumbuka wanaume wote tulivyoondoka kwenda kupigana vita vya mfalme wa watu wengine, tukiimba, tukaacha mahema na wazee na nyinyi. Tuliporudi tulikuta majivu. Miaka sita sasa nikisikia kishindo cha farasi nisiowatarajia, nakimbia kuhesabu watoto. Kwa hiyo nakata miti, na kila mti unaoanguka unanifungia nje mdogo wangu na kunifungia ndani mimi.

Nyumba nazo zinatumaliza. Hapa hatukai tena hemani majira ya baridi. Tunachimba shimo la kufika kiunoni, tunaliezeka, tunaweka tanuri la mawe pembeni. Lina joto, siwezi kulikana, na Velike analipenda. Mama alipoingizwa mara ya kwanza alisimama mlangoni akaniuliza, "Keve, mimi nimekufa lini?" Nikamwambia hajafa. "Sasa mbona mnanizika?"

Tangu siku hiyo analala nje chini ya sufu kuukuu, akitazama milima kama anayemsubiri mgomvi wake aanze. Kitu pekee alichoingiza ndani ni ile duara ya mbao ya juu ya hema letu, ile uliyozoea kutazamia nyota. Imetundikwa ukutani, imezungukwa na udongo.

Nisikilize sasa kwa makini, kwa sababu hapa ndipo penye maana yote ya barua hii. Mkuu wetu wa lango ni Bogat, mtu mkali, hana ubaya. Kila siku anakagua miti kutoka mwamba hadi mwamba, tena anaikagua akiwa juu ya farasi. Unatujua sisi. Asingeshuka hata kwenda haja, kama ingewezekana. Anaangalia kama farasi anaweza kuruka, kama farasi anaweza kupenya. Chini ya goti la farasi hajawahi kutazama, kwa kuwa haimwingii akilini kwamba kuna adui atakayekuja kwa miguu yake.

Basi nimekuchimbia tundu. Liko chini ya msonobari mkubwa kuliko yote, upande wa mwamba mwekundu, na urefu wake ni kama farasi wawili waliofuatana. Nimelipima kwa mabega ya mama, kwa kuwa mlikuwa mkivaa koti moja. Mwanamke anapita, na mtoto nyuma yake. Farasi utamwacha. Najua ninakuambia jambo gani.

Usiniulize kwa nini sikulipanua zaidi. Usiku na mchana nimebishana na nafsi yangu. Ningelipanua kidogo tu, mabega yangu yangepita, ningekufuata mwenyewe. Lakini pakipita mabega yangu, yatapita na ya mwanamume mwingine mwenye upinde, na nyuma yangu kuna watoto watatu wanalala shimoni. Nilijaribu kupita hivyo hivyo. Nilikwama mpaka Velike akanivuta kwa miguu, akasema, "Na huyu ndiye mlinzi wa mpaka." Halafu akalia.

Tena niliapa. Tulichanja mikono, tukatia damu katika kikombe kimoja, tukanywa: mlinzi atakayekutwa nje ya miti ni adui kama maadui wengine.

Basi hivi ninavyosema, nimelala kifudifudi upande wa ndani, na Manase ameketi upande wa nje juu ya gunia la chumvi, karatasi gotini. Msafara wake ndio wa mwisho kutoka. Bogat ameteremka kula. Mama yuko nami, kwa sababu nimemwomba apite mara moja aende na kurudi, nione kama mti haujashuka tangu jana.

Alikuja na ile duara ya hema kwapani. Nikamwuliza ya nini. "Naijaribu," akasema. Haikupita, ni pana mno. Akaniachia, akavua kilemba, akaingia kichwa mbele, yeye ambaye tangu nimjue hajatembea hatua ishirini kama kuna farasi karibu. Nilisikia akiulaani kila mzizi kwa jina lake. Manase anasema hayo ndiyo yasiyo na herufi.

Amefika. Nimemwambia, "Haya mama, vizuri, rudi."

Namsikia akijikung'uta udongo.

"Mama, rudi. Bogat anamaliza kula."

"Wewe ulisema tundu ni la mtu kuja," ananijibu kutoka huko. "Hukusema haliwezi kupitiwa na mtu kwenda."

Nimemsihi, Nyeste. Nimemwambia ni mzee, njia ni mwezi mzima, Wapechenegi ni wale wale. Nimemwambia barua inatosha. Ananicheka. "Barua itamwonyesha mti upi? Miti elfu hii, yote imelala. Mimi nimeuona kwa upande wa nje, wewe hujauona."

Kisha amesema jambo ambalo hajalisema miaka sita yote. Manase, liandike kama alivyolisema: "Siku ile nilikuwa na farasi mmoja na mikono miwili. Mkono mmoja nilimshika mtoto wako Tege, mwingine nikashika hatamu. Nyeste alinyoosha wake, na mimi sikuwa na wa tatu."

Tege ana miaka saba sasa, mrefu, anapanda farasi vizuri. Kila nilipomtazama nilijua mama ameninunulia huyu kwa kitu, wala sikuthubutu kumwuliza ni kitu gani.

Kwa hiyo Nyeste, barua hii anakuletea mama mwenyewe. Manase amempa nyumbu, naye ameshaanza kumtukana. Ukimwona usimkasirikie, au mkasirikie kidogo tu halafu mpe maziwa ya farasi yaliyochacha, anayatamani. Na ukiona safari imemshinda, mzike juu ya ardhi iliyo wazi, asiwekwe bondeni.

Wifi yako Velike anakusalimu sana. Tege na wadogo zake wanamsalimu shangazi yao, na wanauliza kama binti yako anaweza kupiga mbinja. Mwambie mjomba wake anamngoja.

Nasikia kwato za Bogat, nafupisha. Theluji ikiyeyuka, nitakuwa hapa chini kila siku wakati anapokwenda kula. Usiite jina langu. Ingiza mkono kwanza, nami nitaushika. Ikiwa mkono wa kwanza ni wa mtoto, nitaujua kwa udogo wake. Wa pili utakuwa wako. Wa tatu, nakuomba kwa mbingu yote, uwepo.

Mbingu iwafunike na nyasi ziwafiche njia nzima.

Ndimi kaka yako akupendaye, upande wa ndani,
Keve