Vitamini za Wifi Esperansi

Jumanne, 6 Februari
Chai bila sukari, kidonge cha hospitali, kisha kwa miguu hadi shuleni Kasenga kufundisha. Nimerudi nikakuta kopo jingine mezani. Vitamini tena. Wifi Esperansi amepita. Dada mkubwa wa mume wangu. Juzi alikuwa anauza wigi, leo anajiita mshauri wa afya kwa sababu wauza vitamini wa Bujumbura wamempa koti jeupe. Nina uvimbe mdogomdogo kwenye ovari na sukari inayopanda, na huyu anayetaka kunitibu anadhani ovari ziko jirani na figo.

Sijafungua hata kopo moja.

Ijumaa, 9 Februari
Kipimo. Sukari imeshuka. Si sana, lakini imeshuka, na hedhi imekuja yenyewe. Nilimuuliza daktari kuhusu vitamini. Akajibu bila kejeli: mwenye upungufu wa vitamini D, kuiongeza huenda ikamsaidia kidogo. Haichukui nafasi ya dawa, wala ya kupunguza bukari, huo ugali wetu, na kutembea. Basi. Wifi, kuzungumzia vitamini, anahitaji spika na mchana mzima.

Mume wangu Deo kasikia sukari imeshuka, akampigia dada yake simu kumshukuru! Nikamwambia makopo sijayagusa. Akasema nisimwaibishe dada. Mtu anakagua mizigo mpakani Kavimvira kutwa, lakini maneno ya dada yake yanapita bila kufunguliwa.

Jumapili, 11 Februari


Baada ya misa Wifi alikusanya wanawake kwake. Deo aliniomba niende, nikae, ninyamaze. Nikaenda. Anawagawia wagonjwa wa sukari fanta! Anahubiri kwamba vidonge vya hospitali vinakausha kizazi. Kisha akaninyooshea kidole: "Muangalie wifi yangu! Sukari imeshuka. Ni vitamini yangu hiyo." Vigelegele. Wanawake wazima, wenye akili zao.

Ndipo nikamwona Sifa. Analima mpunga Bwegera, tulijuana kwenye benchi la hospitali. Ugonjwa wetu mmoja, ila sukari yake ni kali kuliko yangu. Amekonda, midomo imekauka, anakunywa maji kama hajawahi kuyaona. Akanishika mkono.

"Minye niliacha zile dawa za hospitali tangu mwezi uliopita, dada. Walisema weye ulipona na hizi."

Jina langu. Kabla hata ya kipimo cha Ijumaa limesafirishwa hadi Bwegera kwenda kumtoa mtu kwenye dawa yake.

Nikasimama. Nikasema sijameza hata kidonge kimoja cha Wifi, makopo yako nyumbani na vifuniko vyake, mimi nakunywa dawa ya hospitali. Wifi akadakia:

"Iko wivu tu. Tasa weye!"

Deo alikuwa mlangoni. Alisikia vizuri. Akaangalia viatu vyake.

Nikamwinua Sifa, tukapanda pikipiki moja hadi hospitali.

Jumatatu, 12 Februari
Sifa amelazwa. Sukari juu vibaya, dripu mkononi. Daktari anasema angechelewa kidogo angezimia shambani. Deo hakulala nyumbani. Yuko kwa dada yake, anamfariji. Anamfariji yeye! Wifi ameniandikia kwenye simu kwamba nimemharibia jina. Nilikaa darasani kama gunia. Tasa. Nilidhani neno hilo halinichomi tena. Linachoma.

Alhamisi, 15 Februari
Nimempelekea Sifa samaki mukeke wa kuchemsha na mboga ya lengalenga. Amekula wote.

Deo amerudi jioni. Alisimama uani kama mgeni. "Dada alikosea kidogo," akasema. Kidogo! Nikamwambia aende akamwone Sifa kitandani, halafu arudi anieleze hicho kidogo ni kiasi gani. Na kwamba aliyeitwa tasa mbele yake ni mke wake. Ameondoka tena. Sijapika.

Jumamosi, 17 Februari
Wifi ameshahamishia mikutano Kavimvira. Koti lilelile, ushuhuda wa mtu mwingine. Hana haya hata ya kukopesha. Nimewaambia ukweli walimu wenzangu wote, na mama wa kwaya, na muuza unga. Nitaendelea kusema.

Jumapili, 18 Februari
Sifa anatoka kesho. Vidonge vyake amevirudia, sukari imetulia. Anasema Deo alikuja jana na machungwa, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaomba msamaha kwa sauti ya chini. Kwangu bado hajaomba. Nasubiri. Siendi kumfuata.

Mvua ilikuwa imekatika, dirisha la wodi wazi. Sifa akatoa kibano kwenye pochi yake, akauliza kwa aibu kama naona vizuri. Ndevu. Ugonjwa wetu huotesha na hizo. Nikamwinua kidevu kwenye mwanga, nikamng'oa moja moja. Alifumba macho. Nilipomaliza akachukua kibano, akanishika kidevu, akanigeuzia dirishani.