Sauti ya Kudeka

Jumanne, Magomeni

Bado nina hasira na Shabani. Tunatia Kiswahili kwenye katuni za Kijapani za kuuza Kariakoo. Yeye huwasemea wanaume, mimi wasichana.

Leo msichana wetu wa kwenye katuni kawamaliza majambazi kwa upanga. Nilimpenda kweli. Halafu kamera ikaingia chini ya sketi yake, ikakaa hukohuko.

"Hapo deka, dada," Shabani akaniambia. "Ndicho wanachotaka wateja."

"Ametoka kuua watu sasa hivi. Anadeka nini?"

"Wewe deka tu."

Nikasogelea maiki, nikamsemea kwa sauti yangu ya kawaida: "Wewe unayechungulia, mama yako anajua uko hapa?"

Shabani akazima mashine. Kazi sijui kama ninayo tena. Eti kesho huyo msichana atamsemea yeye mwenyewe.

Haya, adeke yeye. Tumsikie.