Saa za Phoenix Nyumbani Kwetu

Kordell,

Asubuhi amebisha hodi mama mmoja nisiyemjua, anatafuta kondoo wake waliopotea. Akatazama kompyuta, akacheka: "Binti yangu, hiyo ni saa ya Phoenix! Hapa kwetu inakaribia saa nne."

Mahojiano yangu ya ualimu, ya kwenye kompyuta, yalikuwa saa tatu! Nimekaa mbele ya kompyuta nimevaa vizuri, nasubiri kama mjinga.

Najua ni wewe. Uliiweka kompyuta kwenye saa za Phoenix usikose masomo yako ya chuoni. Jana niliisogeza mbele kwa mkono, nikalala nikiiamini, ikajirudisha yenyewe. Ungesema tu! Kiangazi chote Phoenix, wasiosogeza saa zao kama sisi, wako nyuma yetu kwa saa moja, hata mbuzi wa bibi wanajua.

Sasa nimeiweka kwenye saa za Denver, zilizo sawa na zetu. Usiiguse. Ukitaka za Phoenix, punguza moja kichwani, kama kichwa unacho.

Maharage yamo sufuriani, pasha.

~~Gari naondoka nalo.~~ Nilikuahidi gari leo uende rodeo, kwenye mashindano yenu ya farasi. Funguo hizi hapa. Mimi natembea hadi barabarani, nikaombe lifti mpaka shule yenyewe ya mahojiano, wanisikilize hata wakiwa wamekasirika.

Dada yako