Gari Alilolitamani Baba Yako

Mwanangu Yorleny,

Hapa Zarcero mvua haijakatika, ila kuku wanataga vizuri. Baba yako hajambo, lakini macho yamekwisha. Daktari kamkataza kuendesha. Unakumbuka alivyolitaka lile gari la umeme? Jirani yetu Ulises alimcheka mbele za watu: "Mzee Eladio, likizima mlimani utalisukuma na nani?" Baba yako akaona aibu, akanunua la dizeli.

Jana Ulises kaja na gari jipya, la umeme. "Panda, mzee, nikutembeze."

Wakaupanda mlima wote. Aliporudi aliniambia, "Hortensia, halina kelele. Nimesikia ndege wakiimba njia nzima." Kisha akageukia ukutani, akalia.

Njoo mapema, mwanangu.

Mama yako akupendaye,
Hortensia