Kocha Aliniuliza Leo ni Siku Gani

Jumapili jioni. Mawingu yamekaa juu ya Nyarugusu, hapa mkoani Geita, tangu mchana, mvua haitaki kushuka, na vumbi la barabarani limeingia mpaka kwenye kikombe cha chai. Kichwa kinagonga upande wa kulia. Naandika polepole kwa sababu mwanga wa simu unaniumiza macho.

Wiki hii yote nimeamini kwamba ndani ya nyumba yangu kuna mtu ananidanganya.

Kwa wasionijua, mchana nachomelea vyuma kwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na jioni mimi ni bondia. Sina jina kubwa. Kazi yangu klabuni ni kupigana na Shija mazoezini, maana Shija ana pambano Shinyanga mjini na mpinzani wake anatumia mkono wa kushoto kama mimi. Kocha Seni alinichagua mwenyewe. Nilijiona mtu.

Mambo yalianza kidogokidogo. Funguo ya pikipiki niliikuta kwenye ndoo ya unga. Nikamuuliza mke wangu, mama Kulwa, nani kaiweka humo. Akasema ni mimi. Moyoni sikukubali. Kazini miwani yangu ya kuchomelea ikapotea, nikamshuku mwenzangu mpaka tukaacha kusalimiana. Simu ya mke wangu ikiita, natega sikio. Akicheka na jirani, najua wananicheka mimi.

Jana asubuhi akaniambia, "Ngasa amepiga. Anashukuru kwa siku ile."

Ngasa ni kaka yake, anaishi Masumbwe. Nikamuuliza siku ipi.

"Alipokuja wiki iliyopita. Si mlikula wote hapa?"

Mimi sikumbuki Ngasa kukanyaga hapa mwaka huu. Nikajua sasa nimemkamata: amekuja mwanaume hapa nikiwa mazoezini, majirani wamemwona, na yeye anataka kumbandika jina la kaka yake. Nikamwambia hivyo hivyo. Nikasema na mengine ambayo siwezi kuyaandika, na watoto walikuwa wanasikia. Yeye hakupiga kelele. Alichukua simu, akampigia kaka yake, akaweka spika.

"Mwangaluka, shemeji!" Ngasa akanisalimu kwa furaha. Nilipomuuliza kama alikuja kwangu, akacheka. "Shemeji unanitania. Si ulinisindikiza mpaka stendi? Ngoja nikutumie picha."

Picha ikaingia. Ni mimi, nimekaa kibarazani na fulana ya klabu, Kulwa yuko mapajani, mkono wangu uko kwenye bakuli la samaki. Ngasa yuko pembeni yangu. Nacheka.

Niliiangalia mpaka kioo cha simu kikazima. Kuna mambo mtu anasahau, akikumbushwa yanarudi. Hili halikurudi. Ni kama nimeonyeshwa picha ya ndugu yangu tunayefanana.

Mama Kulwa akasema taratibu, "Ilikuwa Ijumaa. Si ndiyo siku mnayopigana?"

Hapo nikaanza kuwashuku watu wengine.

Nilitembea kwa miguu hadi kwa Shija. Anakaa na mama yake nyuma ya soko. Nikamwamkia mama, shikamoo, akaitikia marahaba, akatuacha uani. Nikamuuliza Shija Ijumaa ile kulitokea nini. Akainama, akaanza kukunja bandeji zake za mikono.

"Nilikupiga la kulia, hapa." Akajigusa juu ya sikio. "Hukuanguka. Miguu tu ililegea. Kocha akakuuliza leo ni siku gani."

Swali hilo nalijua. Kocha huniuliza mara nyingi tukimaliza raundi, wenzangu wanacheka, na mimi siku zote nilidhani ni utani wake.

"Nikajibu nini?"

"Ulisema Jumanne."

"Naye akasemaje?"

"Akacheka. Akasema raundi moja tena." Shija akaziacha bandeji. "Kaka, nami nikakupiga tena. Nilijua kocha anaelewa."

Kocha alielewa. Hilo ndilo linanichoma. Mtu haulizi swali kama lile bila kujua anatafuta nini. Na vile vidonge vya maumivu alivyokuwa ananipa kabla sijavaa glavu, nikaona ananijali! Na ile kofia ya kukinga kichwa, iko moja tu klabuni, kila Ijumaa anaivaa Shija ili asipasuke kabla ya pambano. Mimi nikipasuka, nani anauliza?

Au na hayo pia ni kichwa changu? Nilimshuku mke wangu bure, pengine na mwenzangu kazini nilimshuku bure. Nitajuaje kwamba safari hii nimeshuku sawasawa?

Leo baada ya ibada nikaenda kumuuliza mwenyewe. Nilimkuta kwa mama ntilie anakunywa chai. Nikamweleza habari ya picha.

"Wewe hujawahi kuangushwa hata siku moja," akasema. "Ubongo unaumia mtu akizimia. Huo wako ni uchovu wa karasha. Pumzika leo. Pambano limekaribia, hatungoji Ijumaa, kesho Shija anakuhitaji."

"Sasa kwa nini huwa unaniuliza leo ni siku gani?"

Akakoroga chai yake muda mrefu. "Mazoea tu," akasema, na hakuniangalia.

Kutoka pale nikapita zahanati. Daktari ni dada mmoja, kwa umri ni mdogo kwangu. Akanimulika macho, akanisimamisha kwa mguu mmoja, nikayumba. Akasema si lazima mtu aanguke ndipo aumie. Ubongo unatikisika ndani ya fuvu hata ukiwa umesimama imara, na ukipigwa tena kabla haujapona unaweza usiamke. Nisipande ulingoni, nisiendeshe pikipiki, niende hospitali ya mkoa Geita wakanipime. Kisha akauliza kama siku hizi nina hasira za haraka, na kama nashuku watu.

Kocha amepiga simu mara kadhaa tangu nirudi. Sijapokea. Shija ametuma ujumbe kwamba kesho naye haendi, kichwa chake pia kimekuwa kikimuuma na hakuwa amemwambia mtu.

Kabla ya kuweka maandishi haya mtandaoni nimempa mama Kulwa ayasome, aniambie kama yako sawa, maana siku hizi sijiamini. Akasoma mpaka hapo juu. Akasema yote ni kweli, ila kuna kitu nimekiacha. Jana, kabla hajampigia kaka yake, nilimsukuma akajigonga mlangoni. Akapandisha mkono wa gauni, akanionyesha kiwiko.

Sikumbuki.

Jana ningesema anadanganya. Leo nimekitazama kiwiko kile, kimevimba na kugeuka zambarau, nikamwamini, nikaogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa mtu yeyote ulingoni. Kesho tunaenda Geita, mimi na mama Kulwa. Daktari akiuliza nimekuwaje, atajibu yeye.