Kidonge Chetu cha Asubuhi

Mpendwa Baba Bhoke,

Leo nimeamka nina ugomvi na wewe, wa upole tu. Unakumbuka ulivyoanguka zizini ukikamua? Daktari wa Bunda alisema moyo umepata shambulio, akakuandikia aspirini ndogo, moja kila siku. Tuliporudi Butiama ukaiweka kando ya sufuria ya uji, na kesho yake asubuhi ukanipa na mimi kidonge kimoja.

Nilikuuliza naumwa nini. Ukasema redio imetangaza kwamba inakinga moyo, hata saratani ya utumbo. Halafu ukacheka.

"Si tunakulaga sahani moja? Moyo wangu ukilindwa na wako ukabaki hivi hivi, tutaachana njiani."

Basi nikameza, nawe ukanikagua mdomo kama mtoto wa kliniki. Ikawa desturi yetu.

Ulipofariki niliendelea kununua na kumeza, nikimimina maji vikombe viwili, changu na chako. Kinga wala sikuiwaza. Ilikuwa ndiyo saa pekee ya siku ambayo bado nilikuwa na mume. Tumbo lilipoanza kuuma nilinyamaza, mpaka choo kikawa cheusi na kizunguzungu kikanilaza jikoni. Binti yetu Bhoke akanichukua hadi kwake Musoma, na hospitalini wakakuta tumbo linavuja damu.

Daktari hakunigombeza. Alisema kwako, uliyekuwa umeshapata shambulio, kidonge kilikuwa na faida. Kwangu mimi, mzee ambaye moyo wake haujawahi kumsumbua, hatari ya kuvuja damu ilizidi kinga yenyewe. Na habari za saratani, akasema, mtu hamezi dawa kwa kusikia redioni.

"Mama, mgonjwa alikuwa mzee wako, siyo wewe."

Nikamjibu kwamba mgonjwa alikuwa mmoja, lakini tuliumwa wote wawili. Akaacha kuandika, akanitazama.

Nimekasirika, Baba Bhoke. Nimelia pia, maana sijui sasa nitakuwa nakusalimia na nini asubuhi. Bhoke ameniomba nisimwachie msiba mwingine, na nikimtazama anavyonikorogea uji, namwona wewe.

Leo nimemimina maji vikombe viwili kama kawaida. Kidonge sikumeza. Nimekunywa changu, kisha nikanywa na chako.

Najua ulitaka tusiachane njiani. Wewe tangulia tu, mume wangu. Mimi nitachelewa.

Ni mimi,
Mama Bhoke wako