Mahitaji ya Hamoonga ni Sifuri

Hamoonga, Gwembe
3 Agosti 2025

Mdogo wangu Cheelo,

Salamu za nyumbani zikufikie. Sisi tunaamka na tunakula, na mafua ya baridi yametuachia. Wewe je? Na mgongo wa shemeji unaendeleaje? Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu hunikatisha kabla sijafika ninapokwenda.

Mwanangu Choolwe anatimiza miezi sita kaburini. Bado namwona amelala chali chini ya zile nyaya kubwa zinazopita juu ya shamba, anaguna pamoja nazo mpaka pumzi imwishie. Alikuwa akisema nyaya zinajua wimbo mmoja tu. Nyoka alimuuma mchana, kwenye mtama, tukafika zahanati mapema. Nesi Chipego akanifungulia friji ili nione mwenyewe kwamba hanifichi. Mlikuwa na madaftari. Betri yake ya sola ilikufa mwaka juzi, na dawa ya sumu ya nyoka haikai pasipo baridi, kwa hiyo hailetwi tena.

Sasa nasikia ofisi yenu itajenga kituo cha kupoza umeme hapa bondeni, kimoja tu, na kwamba anayeandika mpango ni wewe. Zile nyaya zinapita juu ya vichwa vyetu tangu sijazaliwa, zinakwenda migodini na mijini. Naomba kituo kiwe Hamoonga, zahanati ipate umeme. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa.

Dada yako,
Mutinta


Lusaka
19 Agosti 2025

Dada Mutinta,

Shikamoo. Huku ni wazima, mgongo wa mke wangu umefungwa mkanda na kelele zimepungua. Pole tena kwa Choolwe.

Nikueleze polepole, maana haya si mambo ya jikoni. Mahitaji ya umeme ya ukanda huu yanapanda kila mwaka. Migodi inafunguliwa upya, miji inanenepa, nchi jirani nazo zinataka. Maji ya bwawa hayatoshi tena. Mwaka wa ukame hata sisi wa Lusaka tulikaa gizani. Ndiyo maana tunajenga mashamba ya sola na kuunganisha nyaya zetu na za majirani. Katika hesabu kubwa namna hiyo, kituo hakipelekwi mahali kwa huruma. Kinapelekwa penye mahitaji.

Na ya kwenu tumeyapima. Vijana wangu walipita Hamoonga mwezi wa tano, nyumba kwa nyumba, kaya mia mbili na kumi na mbili. Unajua mlijibu nini? Simu hakuna. Redio hakuna. Mashine hakuna. Anayetaka umeme, hakuna. Na wewe umo, dada! Basi nikaandika kwenye jedwali: Hamoonga, mahitaji sifuri. Wenzangu ofisini wakasema, "Mhandisi, kwenu watu wanaishi kama kobe." Nikacheka nao, ningefanya nini?

Kituo kinaelekea kwenye lile shamba la kufuga mamba, kilomita arobaini kutoka kwenu. Mamba wana pampu na vyumba vya baridi. Ninyi mna nini?

Ndugu yako mdogo,
Cheelo


Hamoonga
2 Septemba 2025

Mdogo wangu,

Umeamkaje? Mimi sijambo, ila barua yako niliisoma nimesimama. Habari za mamba nimezielewa. Nimefurahi kwamba wana mtu wa kuwasemea.

Nikwambie ilivyokuwa. Asubuhi ile gari lenu lilipoonekana, mzee Siamwiinde alipita nyumba hadi nyumba na fimbo yake. "Wanahesabu! Ficheni!" Yeye alikuwa mtoto mwaka wa malori, walipohamishwa kutoka mtoni ili bwawa lijae. Anakumbuka kwamba kwanza walikuja watu wapole wenye daftari, wakahesabu vibanda, wakahesabu mbuzi, wakashukuru. Mwaka uliofuata yakaja malori. Basi paneli za sola zikashushwa mapaani, zikaingia ghalani chini ya mahindi. Munsaka aliifukia mashine yake ya kusaga mpaka ikawa tuta, akaweka na maua juu.

Kijana wako akamuuliza, "Hapa pana nini, baba?"

"Shemeji yangu."

Vijana wako wote watatu wakavua kofia.

Kwangu akaja yule mwenye miwani, akapanguza kigoda changu kwa leso kabla ya kukaa.

"Mama, una simu?"

"Simu ndiyo nini, mwanangu?"

Ikalia kifuani mwangu. Akaniangalia. "Na hiyo?"

"Kifua hicho. Ndivyo ninavyokohoa."

Akaandika "hakuna". Hata hakutabasamu. Amesomeshwa miaka yote hiyo na hajui kikohozi. Baadaye nilipotazama, aliyepiga ulikuwa wewe.

Kosa ni letu, nami nalibeba la kwangu. Lakini wewe, Cheelo? Mama alipanda lori lilelile na Siamwiinde. Watu wa sensa walipokuja, alikuwa akikusukuma chini ya kitanda, nami nilikulisha karanga ili unyamaze. Ulijua kwa nini kijiji kizima kinasema hakina kitu. Ulijua, ukacheka nao.

Sema tulikosea, tuhesabiwe upya. Sitaki mtoto mwingine afunguliwe friji la madaftari.

Dada yako,
Mutinta


Lusaka
20 Septemba 2025

Dada,

Salamu. Nina haraka.

Haiwezekani. Taarifa imeshakwenda, na sahihi iliyo chini ni yangu. Mwezi wa kumi na moja natarajia cheo. Unataka niwaambie wakubwa kwamba watu wa kwetu waligeuza mashine kaburi, na dada yangu anakohoa kwa mlio wa simu?

Tarehe 14 Oktoba kutakuwa na kikao cha wananchi bomani, lakini hicho ni cha kutimiza taratibu tu. Usije ukanitia aibu. Nitakutafutia taa ya sola ya nyumbani.

Ndugu yako,
Cheelo


Hamoonga
16 Oktoba 2025

Cheelo,

Hali yako niliiona juzi, kwa hiyo siiulizi. Ya ukumbini nayaandika kwa sababu muda mwingi ulikuwa umeinamisha kichwa, huenda mengine hukuyaona.

Tulikuja mia na themanini, kwenye matrela mawili ya pamba. Kila mtu alibeba kitu chake. Munsaka alivaa mkanda wa mashine shingoni kama shada. Wanawake walikuja na simu, wengine na pasi walizopewa harusini ambazo hazijawahi kupata moto. Nesi Chipego aling'oa mlango wa friji, akaubeba kichwani. Wenzako wa meza ya mbele walicheka, wakanong'onezana nyuma ya viganja. Nikasema niliyosema juu ya Choolwe, na kwamba tulidanganya, na sababu ya kudanganya.

Mwenyekiti, yule mama mnene wa sauti ndogo, akauliza mpimaji ni nani. Ukasimama.

"Mheshimiwa, hawa ni watu wa kukodiwa. Kwenye vikao hivi ni kawaida."

"Na huyu mama aliyezungumza, unamfahamu?"

"Simfahamu."

Ndipo watu wa Hamoonga wakacheka, Cheelo. Kicheko kile sijawahi kukisikia na sitaki kukisikia tena. Siamwiinde akasema kwa sauti, "Mkihesabu upya, anzeni na huyo, inaonekana amepotea." Mwenyekiti akatazama pua yako, akatazama yangu, akavua miwani. Akaamuru tuhesabiwe upya Alhamisi ya tarehe 30, na daftari ulishike wewe mwenyewe.

Kituo bado hakijawa chetu, najua. Mamba bado wana watu wao. Ila siku hiyo paneli zitakuwa juu ya mapaa, na mashine itakuwa inasaga.

Ukifika kwangu piga hodi, utaje jina lako na la mama yako, kama mgeni yeyote. Nitakujibu maswali yako yote kwa ukweli. Ukimaliza nitakuuliza moja: wewe una dada?

Jibu lako uliandike mbele yangu, kwa kalamu.

Mutinta